Shombo Alipolamba Ukuta

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, nguo bado ziko kambani

Mpendwa mke mwenzangu,

Wewe mtoto una miguu kweli, au uliiacha huko kazini? Mvua zimekuja zikaenda, hujakanyaga hapa. Simu zako nazipokea, lakini simu haikumbatiwi. Nimekasirika, na nimemwambia jirani yetu fundi cherehani, anayeniandikia barua hii, akandamize kalamu hapo. Mimi kuandika sikufundishwa, mdomo ninao.

Haya, hujambo? Unakula? Kile kikohozi kimeisha? Sisi tupo. Babu yako, mume wetu, mgongo unamsumbua, mdomo mzima. Mimi nimechoka, mjukuu wangu. Siumwi, nimechoka tu, na aliyenichosha ni paka wako.

Shombo ameumwa. Kwenye simu sikukwambia, najua ungeangua kilio mbele ya wakubwa zako. Alianza kwa kulala ndani ya beseni la nguo chafu, hata samaki akikaangwa hainui kichwa. Halafu nikamkuta analamba ukuta wa jikoni, pale chokaa inapobanduka, analamba kama kaajiriwa. Babu yako akasema paka kashikwa na wazimu. Mimi nikakumbuka yangu. Nilipokuwa na mimba ya mama yako nilitafuna udongo hivyo hivyo, na mkunga akaniambia damu imepungua. Nikamfunua Shombo mdomo: fizi zimepauka kama shuka kuukuu. Nikamtia kikapuni, nikaondoka naye.

Daktari wa mifugo alimtoa damu, akaitazama kwenye mtambo wake. Akasema kuna vijidudu vimeng'ang'ania chembe za damu, na mwili wa Shombo, ukidhani chembe hizo ni adui, unaziua wenyewe.

"Anakufa?" nikamuuliza.

"Hapana, bibi. Unatibika ugonjwa huu, ila dawa mmpe mpaka mwisho."

Vimetoka wapi hana hakika. Labda viroboto, labda kung'atwa kwenye ugomvi. Hapa fundi ameinua kalamu, maana dume lililomng'ata Shombo sikio ni la kwake. Andika, fundi, usininunie.

Kidonge lazima kifuatwe na maji, unayasukuma kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kisije kikakwama kooni kikamchoma. Asubuhi nilimpa mimi, jioni nikamwachia mume wetu. Sasa yule ana huruma ya kijinga. Hataki kumshika paka kwa nguvu, basi kidonge anakificha ndani ya samaki, halafu anakuja kujisifu: "Kameza kama mtoto mzuri!" Siku niliyosogeza kabati nifagie, nikavikuta vidonge vyote vya jioni huko nyuma, vimelambwa vikang'aa. Na Shombo alikuwa ameanza kuyumba tena. Nilimfokea babu yako mpaka fundi akaja kuamulia. Baadaye nikamwona kampakata paka, anamwomba radhi.

Tukaanza upya. Sasa ni mimi peke yangu, asubuhi na jioni, namviringisha kwenye taulo kama kichanga. Mikono yangu imejaa michoro ya kucha zake. Vidole navyo, nikiamka havikunjiki mpaka niviloweke kwenye maji ya moto. Lakini fizi zimepata rangi, na jana kaiba kichwa cha samaki juu ya meza. Nilimtukana huku nacheka.

Linalonisumbua ni moja. Daktari anasema vijidudu hivyo vinaweza kujificha mwilini, vikarudi siku akidhoofika. Siku hiyo sijui vidole vyangu vitakuwa na nguvu gani, na mume wetu umeshamjua. Hapa nyumbani hakuna wa tatu.

Mjomba wako na mkewe, huko kwao, wanakusalimu, na fundi pia, japo kanuna. Nisalimie yule shoga yako mwenye kicheko kikubwa. Mungu akutunze njiani na kazini, na akulaze salama.

Ukija, zawadi sitaki. Kata kucha zako, vaa mikono mirefu. Utakaa kwenye kigoda cha jikoni, utamviringisha Shombo mwenyewe, utamfungua mdomo, utampa maji kwa bomba mpaka mkono wako uzoee. Usiondoke kabla hujaweza. Mimi nitakaa kitini, miguu nimeinyoosha, nakukosoa.

Nikupendaye hata nikikufokea,
Bibi yako