Watu Wangu Watatu wa Alhamisi

Chumba cha nyuma, ukuta mmoja na kinyozi
Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Mke mwenzangu hajambo? Watoto wanakula, wanalala, wanapigana kama kawaida? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto limeninunia tangu mvua zianze. Usitume dawa, za mwaka jana bado zipo.

Barua yako nimeipata na picha za mkutano wako wa Injili nimeziona. Loo! Ukumbi umefurika hadi watu wamesimama madirishani! Nilimwonyesha kila aliyepita hapa mlangoni, hata muuza maji ambaye hakuuliza. Nilijivuna, sifichi.

Ila umeandika kwamba najichosha bure na watu watatu mwaka mzima, nihamie huko niwe mama wa kanisa, nitoe ushuhuda jukwaani kila Jumapili. Hapo nikavua miwani. Sikiliza, mume wangu: siji. Na usimtume shangazi yako anibembeleze, maana naye nitampa za uso.

Mimi nilikuwa mkunga kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Tulipokea watoto wengi wodini, na hatukuwahi kuwapanga mezani, tukawapiga picha, tukaenda zetu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nakuuliza kwa upendo: wale walionyoosha mikono mkutanoni kwako, nani anawalea? Ukikutana na mmoja wao sokoni, utamwita kwa jina lake?

Nikueleze ya jana, ndipo utanielewa.

Mmoja wa watu wangu ni huyu kinyozi jirani. Naye alinyoosha mkono kwenye mkutano mkubwa kama wako, akalia, akashangiliwa, kisha hakuna aliyemfuata hata kwa salamu. Nilimkuta amerudia pombe, analewa saa za kazi. Nikamwambia aje kwangu kila Alhamisi alasiri, pamoja na wenzake wawili. Tunasoma mistari michache ya Injili, halafu kila mtu anasema ataitenda vipi. Kuitenda, si kuikariri.

Juma lililopita tulisoma "wapendeni adui zenu." Akafunga kitabu. Kaka yake wa tumbo moja aliiuza nyumba ya mama yao kwa siri, mama akafia chumba cha kupanga. Akasema, "Bibi, hilo siliwezi. Na kama siliwezi, sina haja ya kuja tena." Ningeweza kumlainishia, abaki. Sikumlainishia. Nikamwambia hilo halirukwi. Akaondoka bila kuaga, na mimi usingizi ukanipaa, maana nilijua nampoteza.

Jana asubuhi nikaenda dukani kwake kumjulia hali. Akanipa kiti, lakini hakunitazama. Mara kaka mtu akaingia! Amekonda, ndevu zimemvaa uso mzima. Akakaa kwenye kiti cha kunyolewa. Kinyozi akamfunga kitambaa, akampaka povu, akashika wembe. Akanyoa shavu moja, kisha akasita. Akaweka wembe mezani, akatoka nje.

Basi nikabaki mimi na mtu mwenye ndevu upande mmoja. Alilia tu, povu likamtiririka shingoni, nami nikawa nampangusa huku namwombea yule wa nje. Wembe niliutia kwenye mkoba wangu. Imani ninayo, mume wangu, lakini upumbavu sina.

Kinyozi akarudi. Akaninyooshea kiganja, nikamwangalia machoni, nikampa wembe wake. Alimaliza shavu la pili polepole, akamfuta uso, akamwambia, "Nimeanza kukusamehe. Sijamaliza. Ndevu zikiota, rudi."

Alasiri nikasikia hodi. Ni kinyozi, na kitabu chake kwapani. Nilimfungulia, nikamvutia kiti chake karibu na wenzake.

Jaza ukumbi wako, sikukatazi. Ila chagua watatu wa kwako, uwajue kwa majina na kwa madeni ya mioyo yao. Waalike wale mezani kwako hadi wakuchoshe, wakuone ukikasirika na wakuone ukitubu. Anza juma hili. Usinijibu barua hii mpaka uwe umewapata.

Nisalimie mke mwenzangu, mwambie mume nimemwachia ila nakagua. Msalimie shangazi yako, na wanao, Bonge wetu na mdogo wake, waambie bibi mkubwa anawabusu wote wawili hata yule mchafu.

Mungu akupe mtu mmoja atakayekuambia "siwezi" mbele ya macho yako, na akupe moyo wa kutomwacha.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikifoka.