Oili Nyepesi kwa Gari la Pasta

Mzee Muli, mwalimu wangu,

Nimevunja amri yako, na gari linapanda vilima vya Kilungu bila kulalamika. Usikasirike kwanza, nikueleze.

Tangu tukuzike, watu wa Tawa wanasema gereji ilikufa nawe. Mkeo, Mama Mwende, alikuwa karibu kumkodishia jengo mtu wa kinu cha posho. Aliniambia wazi, "Kioko, hii gari ya pasta ikikushinda, mimi nafunga." Ni lile la Kijapani, unalikumbuka. Lilikuwa limeanza kukataa kuvuta mlimani.

Wewe ulinifundisha kwamba lazima uchague. Vali za kuingizia hewa zikifunga mapema, injini inavuta vizuri mlimani. Zikichelewa kufunga, inakimbia barabara ya Mombasa lakini inalegea kwenye mwendo wa pole. Yote mawili hupati, ulisema. Mzee, siku hizi unapata! Injini hii inabadilisha yenyewe wakati wa vali kufunga, ikiendelea kuzunguka. Oili inasukuma kifaa kilicho mbele ya kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, nacho kinaisogeza kidogo mbele au nyuma kulingana na mwendo. Inavuta, inakimbia, na petroli hailiwi ovyo. Nilipoelewa nilicheka peke yangu. Kisha nikalia, maana nilitaka kukuita uje uone.

Sasa, kifaa hicho kinategemea oili, na tangu pasta alinunue gari tulilitilia ile nzito yetu, kama ulivyotuamuru kwa magari yote. "Oili nyepesi ni ya cherehani!" Bado nakusikia. Nzito ilikuwa inapita kwa shida kwenye vijia vyembamba vya kifaa hicho. Nikaimwaga yote, nikasafisha kichujio kidogo kilichozibwa na uchafu, nikatia nyepesi. Gari sikuliogopa, nilikuogopa wewe.

Pasta alikwenda mpaka Kilungu, akarudi akipiga honi tangu sokoni. Mama Mwende akamwambia yule wa posho atafute kwingine.

Pengo lako naliona kila asubuhi nikifungua mlango, Mzee. Siwezi kukuahidi kwamba nitafanya kila kitu ulivyofanya. Naahidi kwamba hapa hapatafungwa, na injini mpya ikinilazimisha kubishana nawe, nitabishana kwa sauti, wateja wakisikia.

Pumzika sasa. Kazi niachie mimi.

Kioko wako