Pad za Kemboi

Zeddy uko? Nimefanya kitu mbaya sana. Usicheke.

Unakumbuka ile stori nilikuwa nimeandika kwa gazeti wiki jana, na lile jina langu la uongo? Kwamba game za video pale kwa Kemboi hazichezeki, pad zake zote za kubonyeza ukicheza zimekufa?

Zeddy, mimi sijawahi hata kuingia kwa Kemboi. Niliandika hivyo juu pesa yangu nimeweka kwa game za Sandeep ng'ambo ya barabara, na vijana wote walikuwa wanajaa kwa Kemboi.

Sasa leo mchana Kemboi mwenyewe akaingia kwetu hapa kwa Sandeep na katoni. Nikajua nimekwisha, amekuja kunipiga.

Wapi! Amefunga biashara. Anasema tangu hiyo gazeti itoke hakuna mtu anaingia kwake. Na hiyo ndiyo kazi alikuwa ameanzisha baada ya kutoroka fujo kule kwao Elburgon.

"Boss, si mnunue hizi pad zangu. Ziko sawa kabisa. Shika moja tucheze."

Tukacheza game ya mpira kwa TV. Tukabadilisha pad, tukabadilisha tena. Hakuna hata moja imekufa. HAKUNA HATA MOJA, Zeddy. Amenipiga tano bila.

Akitoka akanisalimia na mikono mbili. "Boss, huyo mwandishi akipita hapa, mwambie pad zangu zilikuwa zinafanya kazi."

Unajua nilimjibu nini?

Nilimwambia sawa, nitamwambia.