Dirisha Nimelipandisha Juu

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana kukaa kusubiri siwezi, unanijua. Hata barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza yako ya jiliwa la kubania vyuma, sikio liko barabarani nisikie kama kuna lori linalokuja kutoka Isaka.

Tangu tukuzike sijatulia. Nikikaa uani nawaza gereji, nikiingia gereji nawaza Mama, nikimwendea Mama namkuta kimya na eda yake, basi narudi tena gereji. Fundi wako Shija anasema nitachimba mfereji kati ya mlango na mlango. Alitania tu, lakini nililia. Siku hizi nalia hata kwa utani.

Ngoja nikueleze. Watu walipoanza kuondoka msibani, Baba Mdogo Ramadhani alisimama mbele ya gereji yako akaipima kwa macho. "Zuhura, hii inafaa kuwa ghala la mpunga." Nikamwambia hii ni gereji. Akasema gereji ilikuwa ya kaka yake, sasa kaka hayupo, na dizeli haipo. Hapo alinishika pabaya. Dizeli siku hizi ni ya kibali, foleni ya kituoni inafika sokoni, na jenereta lako, Baba, usiniudhikie, ni mlevi. Linakunywa kuanzia asubuhi hadi Maghrib. Baba Mdogo akatoa kauli: arobaini ikifika bado linakunywa hivyo, vifaa viuzwe, mpunga uingie. Mama aliinamisha kichwa. Shija, ambaye mkewe ni mjamzito, aliniangalia mimi.

Nikajiuliza, hivi linakunywa kwa ajili ya nini? Kuchomelea ni mara moja moja. Linakunywa kwa ajili ya balbu, mchana kweupe, na feni. Balbu ni kwa sababu ya giza, na giza ni kwa sababu yako. Wezi walipobeba betri ya lori la watu, uliyaziba madirisha yote mawili kwa matofali, la barabarani na la uani, ukasema mwizi hachagui upande. Tangu hapo tukawa kama kuku waliofunikwa tenga. Juu bati linawaka, chini tunatafuta nati kwa kupapasa.

Nakumbuka nilipokuwa mdogo, wewe umelala chini ya gari, mimi nimeshika tochi, lakini macho yangu yako usoni kwako nikiangalia jasho linavyokutoka. Ulikuwa ukisema, "Mama, mulika kazi, usinimulike mimi." Uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako, na mimi nilijiona mkubwa kuliko wewe.

Basi nikachukua tindo na nyundo, nikabomoa dirisha la uani. Nilianza polepole, maana matofali yale uliyapanga mwenyewe, na alama za vidole vyako zipo kwenye udongo. Mwanga ukaingia, Baba! Shija akapiga kofi, akasema kumbe gereji hii ina rangi. Tukazima jenereta. Nikajiona hodari.

Adhuhuri haikufika. Dereva mmoja wa mizigo ya Burundi aliegemea dirishani, akaona mtu uani amevaa nguo nyeupe, akasema kwa adabu zake zote, "Shikamoo, mama." Alikuwa Mama. Mama yuko eda, na mimi nimemfungulia dirisha la wanaume usawa wa macho! Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa nikiwa mtoto, sikusikia. Mama alijifunika uso akaingia ndani, na siku nzima hakutoka tena uani, na joto lote lile.

Baba Mdogo alipofika, habari zilikuwa zimeshamtangulia. "Umemvunjia mama yako stara," akasema. Nilitundika magunia pale dirishani, giza likarudi, jenereta likawashwa, likaanza kunywa. Jerikeni la mwisho lilikuwa limebaki nusu.

Nilizunguka mtaa wetu wote wa Nyahanga kwa miguu nikijisema peke yangu kama mgonjwa. Nilikukasirikia pia. Kwa nini uliziba, kwa nini ulikufa, yote kwa pamoja.

Ijumaa nikaenda msikitini kukuombea. Nimekaa upande wetu wa wanawake, nikainua macho, nikaona yale matundu yaliyo juu kabisa, chini ya paa. Mwanga unaingia, jicho la mtu haliingii. Miaka yote nimekaa chini yake! Mungu anisamehe, swala ile mawazo yangu yalikuwa kwenye matofali.

Nililiziba dirisha la chini kwa matofali yaleyale yako. Juu, karibu na bati, tulibomoa upenyo mrefu kuliko kitanda, Shija akapachika vioo vya milango vya lori moja lililopinduka, ambalo mwenye lori alisema tuchukue tunachotaka. Kuta nikazipaka chokaa. Shija akaleta nyasi, akalifunika bati lote kama nyumba ya baba yake kijijini. Wapita njia wakatusalimu kwa Kisukuma huku wanatucheka. "Mwangaluka! Mnarudi kuishi porini?" Wacheke tu, feni imelala. Kuchomelea tunafanya nje, mbali na nyasi, Jumamosi peke yake. Matairi tunajaza kwa pampu ya mkono, na utingo wa kila lori anapampu mwenyewe huku ananung'unika, fundi gani huyu anamtoza mteja jasho.

Jana ilikuwa arobaini yako. Hitima ilisomwa, pilau likaliwa. Kabla kikao cha ukoo hakijakaa, Baba Mdogo aliingia gereji, akamkuta Shija yuko chini ya lori la mtu wa Ngara asiyeweza kusubiri. Akaanza kupapasa swichi ukutani. "Zimeni hizi taa, mnaunguza dizeli bure." Shija akamjibu kutoka chini, "Hazijawashwa, mzee." Baba Mdogo akainua kichwa. Akavua kofia ajipepee, mkono ukasita. "Humu mna ubaridi," akasema kwa ukali, utadhani tumemwibia. Kikaoni alisema mpunga atautafutia ghala jingine.

Nilidhani nitarukaruka. Lakini Mama aliniita chumbani. "Zuhura, kimya hiki kinaniua. Miaka yote nikisikia lile jenereta najua baba yako yuko pale. Liwashe kidogo nimsikie."

Dizeli iliyobaki nilikuwa nimeitunzia Jumamosi. Nikaimimina yote. Nikalizungusha, likanguruma vilevile unavyolijua, ukuta ukatetemeka. Shija akatoka chini ya lori, akasimama. Nilikulilia hapo, Baba, kwa sauti, maana nilijua hakuna atakayenisikia. Lilinguruma mpaka likakausha tangi, likakohoa, likazimika. Nikabaki nimeliwekea mkono, bado la moto.

Upande wa pili wa ukuta nikasikia kigoda kinaburutwa. Mama alikuwa amekaa uani, mgongo wake kwenye matofali yako. "Basi, mwanangu," akasema. "Rudi kazini."

Mungu akulaze pema, Baba. Kuta zako zimesimama na Mama yuko ndani ya stara yake. Eda ikiisha nitamshika mkono nimwingize humu, aone mwanga unavyotua juu ya meza yako. Gereji haitafungwa nikiwa hai, hiyo ni ahadi. Na ukiona machozi yanadondoka kwenye injini za watu, usihuzunike. Nayafuta, halafu namulika kazi.

Mama yako,
Zuhura