Kipaza Sauti cha Safu ya Tatu

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu zangu kabla hujapokea hasira zangu, maana leo ninazo za kutosha. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Hapa nyumbani tu wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na muuza vitambaa kama kawaida yake. Mimi ndiye silali.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeuliza mambo mawili: kwa nini mama ameacha kwenda chuoni kusikiliza mihadhara, na ni takataka gani ya mashine tunayotumia pale hata ikamkatikia mama wa watu katikati ya maneno. Umesema niende kwa mkuu wangu wa kazi nikapige meza. Nitakujibu yote mawili, ila uniache nianzie mwanzo.

Kazi yangu unaijua. Kila Alhamisi saa kumi jioni chuo hufungua ukumbi mkubwa kwa mtu yeyote, aje asikilize wasomi wakieleza mambo yao kwa lugha nyepesi. Mimi ndiye fundi wa sauti. Nakaa nyuma katika kibanda cha vioo, na mbele yangu kuna meza yenye vidude vya kupandisha na kushusha sauti, kimoja kwa kila kipaza sauti, vikiwemo vile vitatu vya wasikilizaji vilivyosimamishwa kwenye safu. Bango la mlangoni linamkaribisha kila mwenye hamu ya kujua. Nililiamini lile bango, ndiyo nikampeleka mama.

Ungemwona, dada. Alivaa viatu vyake vya kuendea harusi, akaketi safu ya tatu karibu na nguzo, na tangu siku hiyo hakukosa. Siku ya nyota alijifunza kwamba nuru tunayoiona ilitoka zamani sana, akarudi akiniuliza kama walioko huko wakitutazama sasa watamwona baba bado yu hai. Mwanafalsafa aliposema hatuna hakika kamili kwamba kiti kipo, mama aliniambia njiani kwamba mwenye shaka hiyo hajawahi kusimama siku nzima kwenye meza ya kukatia. Nilicheka mpaka nikakaa ukingoni mwa barabara. Miaka arobaini amekata na kushona sare za shule, cherehani nane zikinguruma chumba kimoja, naye akiagiza uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuinuka. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza ameona nini.

Mwongozaji wa mihadhara ni mhadhiri wa uandishi wa habari, yule mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Kuna Alhamisi alizungumza mwenyewe, saa nzima, kuhusu sauti za watu wa kawaida na jinsi magazeti yanavyozizima. Mwishoni alifuta miwani polepole ili tudhani analia. Watu wakapiga makofi. Nami nilimpandishia sauti kidogo, asikike vizuri.

Wiki iliyofuata akaja profesa wa hesabu. Alichora mlima ubaoni, akasema ukiwapima watu wengi, wengi wao huangukia katikati, pale kileleni, na kwa hiyo nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu wa wastani itawaenea watu wengi. Kutoka kibandani niliona kichwa cha mama kikiinuka. Ulipofika muda wa maswali alikuwa wa kwanza kusimama. Alimshukuru profesa, akaomba radhi kwamba hakusoma sana, kisha akasema kwa adabu zake zote kwamba ameshona maelfu ya sare na hajawahi kumshonea huyo mtu wa wastani. Mwenye kifua cha katikati ana mikono mirefu, mwenye mikono ya katikati ana mabega membamba. Kila kipimo kina katikati yake, alisema, ila hizo katikati hazikutani ndani ya mtoto mmoja.

Profesa alitabasamu, akamjibu kwamba hesabu hazishonwi kwa cherehani.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimcheka mama yetu, dada, watu wazima wenye shahada zao. Jamaa mmoja wa safu ya mbele alicheka mpaka akakohoa, naye koti lake lilimzidi mabegani kwa vidole viwili. Mama hakuketi. Alifungua mkoba, akatoa lile daftari lake la vipimo, akaanza kueleza, na hapo ndipo kipaza sauti kilipozimika. Midomo yake iliendelea kwenda, lakini ndani ya kile kicheko hakusikika. Akakigonga kwa kidole. Akageuka kunitazama kule kibandani, akatabasamu, kama mtu anayejua kwamba mwanawe yupo na atamsaidia. Mwongozaji akampa nafasi muulizaji mwingine.

Usiku huo nililichukua daftari, nikakaa nalo siku mbili. Nilichagua shule moja na watoto aliowapima katika mwaka mmoja, mia tatu na arobaini, kila mmoja vipimo vitano. Waliokaribia wastani wa kifua kwa kidole kimoja walikuwa mia na ishirini. Nilipoongeza kiuno wakapungua. Nikaongeza mikono, mabega na urefu wa mgongo. Wakabaki saba. Nilimpelekea profesa ofisini kwake hesabu hiyo imeandikwa kwa mkono safi. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia kwamba hilo ni jambo linalojulikana, ila siku ile alikuwa anarahisisha kwa ajili ya watu wa kawaida. Kwa hiyo alijua. Alimfanyia mzaha mbele ya watu mia mbili huku akijua kwamba mama anasema kweli. Nilitoka bila kuaga na nikaubamiza mlango wake, na sijutii.

Sasa nikujibu kuhusu mashine. Mashine ni nzima, dada. Haijawahi kuharibika hata siku moja tangu nikabidhiwe.

Watu walipokuwa wanacheka, mwongozaji alinitazama, akapitisha kidole shingoni. Hiyo ni ishara yetu ya kufunga kipaza sauti, tunaitumia kwa walevi na kwa wanaogeuza swali kuwa hotuba. Nikashusha kidude cha safu ya tatu. Aliyemzima mama ni mimi, kwa mkono huu ninaokuandikia. Na usifikiri nilitii tu amri ya mwongozaji. Ishara ile ilinikuta mkono tayari uko juu ya kidude. Nilikuwa naona aibu. Walipomcheka nilitaka aketi, anyamaze, wasijue ni mama yangu. Aliponigeukia na kutabasamu niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta waya.

Tukiwa njiani alinifariji. Aliniambia nisiumie, vyombo huharibika, hata cherehani mpya hukata uzi. Amewatangazia majirani kwamba mashine mbovu zilimwangusha mwanawe, ndiyo habari iliyokufikia wewe. Na sababu ya kuacha kwenda ni hii: anaogopa akisimama tena chombo kitaharibika tena, halafu mimi nifukuzwe kazi. Ameziacha nyota na yote aliyokuwa anayapenda ili kunilinda mimi. Nimemkasirikia profesa, nimemkasirikia mwongozaji na mwenye koti, hata wewe nimekukasirikia kwa barua yako. Lakini kila nikimkasirikia mtu najikuta narudi kwangu mwenyewe.

Wakati naandika hapa mama amepita, akauliza namwandikia nani. Anasema nikusalimu sana, na kwamba usinilaumu mimi, mashine ni mashine. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sasa amerudi chumbani anapinda suruali ya mtu, naisikia cherehani.

Barua hii siwezi kuifunga hivi. Nitamwita aketi hapa, nimsomee yote kuanzia juu, bila kuruka pale penye aibu yangu. Baada ya hapo nitampa kalamu. Ukikuta chini ya jina langu pako patupu, ujue nilishindwa, na usinitetee kwa mtu. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na huo mgongo usiubebeshe ndoo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba

Mwanangu, anayeandika hapa ni mama yako. Amenisomea yote. Sijamjibu na leo sitamjibu, chakula kipo jikoni ajipakulie. Alhamisi nakwenda na daftari langu, nitasimama palepale. Hicho chombo chao wakifungue au wakifunge, ni juu yao. Sauti ninayo.