Chapati za Mwende

Jumapili usiku

Eti Mama hajala! Na aliwaambia akina mama wa kanisa nikiwa nimesimama palepale, thermosi ya chai mkononi. "Huyu msichana hanipi chakula tangu jana."

Alisema kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu. Mwenyekiti wao akautazama mkono wa Mama uliokonda, kisha akanitazama mimi. "Mwende, mzazi ni baraka." Wakaomba, na nusu ya maombi ilinilenga mimi: Mungu alainishe mioyo migumu.

Mimi! Niliyeacha kibanda changu cha mitumba soko la Gikomba nije kumwosha na kumpikia. Kulishwa hataki, anausukuma mkono wangu, basi namwachia sahani ya chapati naenda kufua. Nikirudi naikuta tupu. Sasa nifanye nini zaidi?

Kesho mtaa wote wa Shauri Moyo utakuwa unajua kwamba namnyima mamangu chakula.

Walipoondoka nilimfokea. Akajikunja ukutani kama mtoto anayengoja kofi. Niliogopa vile mkono wangu ulivyokuwa umeinuka.

Jioni nikaenda kubadilisha foronya yake. Chini ya mto kulikuwa na leso iliyofungwa fundo. Nikaifungua. Chapati za jana, chapati za leo, zimekauka, hazijaumwa hata moja.

Kumbe kweli hajala.

"Mama, hizi ni za nani?"

Akatazama mlangoni kwanza, akanivuta karibu. "Usimwambie yule msichana mkali. Ni za Mwende wangu. Akitoka shule huwa na njaa."