Maana za Kiti, Maana za Kigoda

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimenakili barua kumi na moja ofisini kwa Padre kabla ya chai. Vumbi la ziwani tena, mpaka ndani ya wino. Padre anaendelea na kitabu chake cha maneno. Leo kanipa mawili, kiti na kigoda, niandike maana zote ninazozijua. Kazi ya kitoto.

Jumanne, 5 Machi
Si ya kitoto. Kiti ni cha kukalia, lakini pia ni nafasi yako kwenye gari moshi. Kiti cha hakimu ni hukumu yenyewe. Mtu akipewa uchifu, husemwa amepata kiti, hata kama anashinda akizunguka kwa miguu.

Kigoda nimekipa mistari miwili tu: cha mpishi jikoni, cha mkamuaji zizini. Cha wazee nimekiruka. Kwetu mzee ana kigoda chake, mwingine hakikalii, na siku nguvu zikimwisha humkabidhi mwanawe wa kwanza. Niliogopa Padre atacheka. Mwana wa kwanza ni mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Baba alikuja. Bila habari, kwa gari moshi kutoka Molo. Blanketi begani, kibuyu cha maziwa lala mkono huu, kigoda mkono ule. Alinikuta barazani na Padre na wageni wawili wa Nairobi. Nimefunga tai. Padre akauliza huyu nani.

"Mzee wa maziwa," nikasema.

Na hicho kigoda?

"Cha kukamulia."

Baba amekamua ng'ombe wa wazungu miaka ishirini. Kiswahili anakisikia vizuri sana. Hakunitazama. Alimkabidhi Padre kibuyu kwa mikono miwili, akakataa malipo, akaenda zake. Sikumfuata. Mjinga mimi. Mjinga na tai yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Padre kayasifu maziwa, anataka kujua mzee atarudi lini. Nimesema sijui.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada dada yangu Chebet aliniuliza kigoda nimekiweka wapi. Kigoda gani? Kumbe Baba alipita kwake Alhamisi asubuhi, akamwambia magoti yamekwisha, anakuja kunikabidhi. Jioni Chebet alimwona stesheni anarudi nacho. Baba alimwambia tu kwamba alinikuta nina kazi.

Hakunisema. Heri angenilaani. Nina aibu mpaka ya kuandika hapa, na hakuna anayesoma.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia Padre. Yule ni baba yangu. Alivua miwani. Kanipa ruhusa ya Jumamosi. Maneno ya kitabu chake sijayagusa tena.

Jumamosi, 16 Machi
Nimefika nyumbani mchana, matope mpaka magotini. Baba alikuwa juu ya kigoda chake, wadogo zangu chini kwenye ngozi, pale tulipokaa tangu utoto. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha mbele ya wote. Baba akasema yamekwisha. Hakuwa na hasira hata kidogo.

Nilipotaka kukaa ngozini akanizuia kwa mkono. Akamtuma Kiprono, anayenifuata kuzaliwa, kwa jirani. Karudi na kiti cha mbao, kile kinachoazimwa mwalimu akija au wakwe. Baba akakifuta matope kwa blanketi lake mwenyewe.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nikakaa. Mama akaleta chai. Tukaongea habari za mvua.